Mahitaji ya wiki kwa baiskeli: mifuko ya pembeni, tela na namna ya kupanga mzigo

Jumamosi moja pale kipilefti cha Msamvu, mjini Morogoro, nyanya zangu zilishuka barabarani kabla yangu. Nilikuwa nimezifunga kwenye keria, juu ya kiroba cha unga, ndani ya ule mfuko mwepesi tunaopewa sokoni tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Nilipolala kukata kona, mzigo ukaamua kwenda moja kwa moja. Konda wa daladala iliyokuwa nyuma yangu akachungulia dirishani: "Mzee, rosti imeiva, bado kitunguu tu."

Mzigo wenyewe haukufika kilo 25. Kwenye barabara ile ile kuna vijana wanashusha mkaa magunia mawili kwa baiskeli moja na hawaangushi hata kipande. Kilichoniponza ni mahali uzito ulipokaa: juu, nyuma, tena umelegea. Karibu yote nitakayoeleza hapa yanazunguka jambo hilo moja, na nayaandika kwa mtu mwenye baiskeli, asiye na gari, aliyechoka kugawana hela ya mboga na bodaboda.

Hatua ya kwanza: piga hesabu ya kilo

Watu hukimbilia kwa fundi wa kuchomelea wakaagiza tela kubwa, kumbe mahitaji yao yangeenea kwenye mifuko miwili. Chukua manunuzi ya wiki moja ya kawaida, uyajumlishe. Kwetu tuko watano, na wiki yetu ni sembe kilo 10, mchele kilo 5, maharage kilo 3, sukari kilo 2, mafuta lita 3, viazi kilo 5, vitunguu kilo 3, nyanya sado moja, kabichi, nazi nne na mkungu mdogo wa ndizi za Uluguru. Hapo tunacheza kwenye kilo 45 hadi 50. Mtungi mdogo wa gesi, ule wa kilo 6, ukiupima pamoja na chuma chake unaongeza kama kilo 13, ila huo si wa kila wiki.

Halafu itazame baiskeli. Phoenix au Avon ya inchi 28 yenye keria ya chuma hubeba mtu mzima na ikanyamaza. Za mtumba usiziamini hivyo. Zile za Kijapani zenye kikapu mbele, chunguza keria yake: mara nyingi imegongwa namba, 18, 25 au 27. Hizo ni kilo inazoruhusiwa kubeba. Keria za aluminiamu za baiskeli za gia nazo nyingi huishia kilo 25.

Mimi nagawa hivi. Mzigo usiozidi kilo 20 unakwenda kwenye mifuko ya pembeni. Kuanzia hapo hadi 50 nafunga tela. Ukizidi 50 naita mwenye guta, na sijioni nimeshindwa.

Hatua ya pili: mifuko ya pembeni

Wa kuwaiga ni wauza maziwa. Dumu moja linaning'inia kushoto, jingine kulia, yote mawili usawa wa ekseli ya nyuma, na mtu ananyonga baiskeli asubuhi na mapema huku anapiga mluzi. Uzito uko chini na umegawanyika sawasawa, ndiyo maana baiskeli haimsumbui hata akiachia mkono mmoja kusalimia.

Mifuko ya namna hiyo fundi cherehani yeyote anayeshona mahema au viti vya bajaji ataiweza. Mpelekee turubai zito, hata lililotumika, na salfeti za unga za kuweka kwa ndani. Kipimo changu ni upana sentimita 35, kimo 35, unene 18. Kabla hajakata, panda baiskeli, zungusha pedeli, na mtu mwingine aweke alama pale kisigino chako kinapofika nyuma. Kona ya chini ya mbele ya mfuko lazima ikatwe mshazari kupisha kisigino. Nilipuuza hilo mara ya kwanza, nikawa naupiga teke mfuko wa sukari kilomita zote za kurudi nyumbani.

Mambo mawili usikubali fundi ayafupishe. La kwanza ni ukanda. Usishonewe kwenye mdomo wa mfuko peke yake. Uzunguke mfuko mzima, upite chini ya kitako na kupanda upande wa pili. Ukanda ulioshonwa mdomoni hubebwa na uzi, na uzi hukatika. La pili ni mgongo wa mfuko. Tia ubao mwembamba wa plywood, au ubavu wa dumu la zamani uliokatwa, mfuko usije ukabonyea na kuingia kwenye spoku. Juu weka kulabu mbili za nondo nyembamba zinazokamata bomba la keria, na chini ukanda wa tyubu wenye kulabu ndogo ya kuvutia mfuko karibu na ekseli. Bila huo wa chini, kila shimo litautupa mfuko nje na kuurudisha kwa kishindo.

Pakia pande zote mbili. Kama una kitu kimoja tu kizito, kigawanye: unga huku, viazi kule. Mfuko mmoja wa kilo 10 upande mmoja utakufanya uendeshe umejipinda kama uliyelala na shingo vibaya.

Hatua ya tatu: tela

Wenzetu walioko Ulaya na Marekani wananunua tela dukani. Burley Travoy, kwa mfano, inasimama wima kama mkokoteni wa kusukuma, inashika kwenye bomba la siti, ina mabegi ya kuchomoa, na imewekewa kikomo cha kilo 27. Ukifika dukani unaikokota ndani kwa mkono. Nomad ya kampuni hiyo hiyo ina magurudumu mawili na inabeba kilo 45. Kama ndugu yako anazipata huko, mwache anunue. Sisi tuna mafundi.

Mwambie fundi akutengenezee tela la magurudumu mawili. La gurudumu moja ni jembamba na linapita vichochoroni, lakini mzigo wake wote unaegemea baiskeli, na ukisimama kumpisha ng'ombe unashikilia vyote viwili kwa mapaja. Magurudumu yawe ya inchi 20, yale ya baiskeli za watoto. Ni madogo, spoku zake ni fupi, hayapindi ovyo kama ya inchi 28, na yanaweka mzigo karibu na ardhi.

Mwambie pia kila gurudumu lishikwe pande zote mbili za ekseli, kama linavyoshikwa kwenye fremu ya baiskeli. Mafundi wengi hupenda kulichomeka upande mmoja kwa sababu chuma kinapungua. Ekseli ya baiskeli haikutengenezwa kwa mateso hayo. Itapinda, gololi zitasagika, na siku moja utaona gurudumu linakupita.

Sakafu iwe chini ya usawa wa ekseli kama inawezekana, sentimita 20 hivi kutoka ardhini, isipokuwa kama njia yenu ina mawe. Upana wa tela zima, magurudumu ndani yake, usiupite usukani wako. Hapo utakuwa na kipimo cha bure barabarani: mahali usukani umepita, tela litapita. Langu lina sentimita 64 kutoka ukingo hadi ukingo, na sakafu ya 40 kwa 70. Juu ya sakafu hiyo linakaa begi moja la shangazi kaja la ukubwa wa kati, lile la mirabamiraba lenye zipu, kama vile lilipimiwa. Nisingependa kuta za mabati. Zinapiga kelele, zinakata mikono, na begi tayari ni ukuta.

Ndani ya begi nimeweka boksi la plastiki lisilo na mfuniko. Begi linalinda vumbi na mvua, boksi linalinda umbo. Nikifika nyumbani nachomoa begi zima, naingia nalo jikoni, tela linabaki nje na matope yake.

Hatua ya nne: kiungo

Tua hapa, maana ndipo watu wanapoumia.

Tela langu la kwanza lilifungwa kwenye bomba la siti. Lilionekana nadhifu. Shida ni kwamba huko ni juu sana: ukifunga breki, mzigo unakusukuma usawa wa kiuno na kutaka kukugeuza. Na fundi alikuwa amechomelea pini ngumu isiyocheza. Baiskeli hulala kila unapokata kona, tela la magurudumu mawili halilali, kwa hiyo katikati pale kuna kitu lazima kikubali kujikunja. Kama hukukiweka, chuma kitajitafutia chenyewe pa kujikunja. Changu kilipata ufa kwenye uchomeleaji ndani ya wiki tatu.

Kilichonifaa ni hiki. Tafuta kipande cha flati, yaani chuma bapa, chenye unene wa milimita 4 au 5, kitobolewe tundu la milimita 10, kikae kwenye ekseli ya nyuma upande wa kushoto, nje ya nati ya kawaida, na kibanwe na nati ya pili. Kama ekseli yako ni fupi, nunua ndefu. Usiibane nati kwa nyuzi mbili tatu. Tunachagua kushoto kwa sababu kulia kuna mnyororo. Kutoka kwenye kile kipande kinaanza mpira: sentimita 12 za hosi nene ya presha, ile yenye nyaya ndani inayotumika kwenye mitambo, inayopatikana kwa wauza vyuma chakavu. Ncha moja ya hosi inapigwa bolti kwenye flati, ncha nyingine inaingia kwenye bomba la mkono wa tela na kupigwa bolti pia. Hosi inajipinda kushoto, kulia, juu, chini, na inazunguka kidogo. Unaweza hata kuilaza baiskeli chini na tela likabaki limesimama.

Mkono wa tela utoke pale kushoto, uzunguke nyuma ya tairi, uje katikati ya tela. Ukienda moja kwa moja, tela litakuwa linatembea limekaa upande na kula lami ya wenzio.

Kisha weka ukanda wa akiba. Nenda kwa mafundi wa magari uombe kipande cha mkanda wa siti uliochakaa. Kifunge kwenye mkono wa tela na kukizungusha kwenye fremu ya baiskeli, kilegee kidogo kiasi cha kuruhusu kona. Hosi ikikatika, tela litaburuzwa badala ya kwenda kumtafuta mtu mteremkoni. Huu hauna mjadala. Tela lisilo na ukanda wa akiba mimi silikubali hata kulisukuma.

Hatua ya tano: fanya mazoezi na maji

Dumu la lita 20 la maji lina kilo 20, huhitaji mizani. Weka moja ndani ya tela uende uwanja wa mpira jioni, kabla watoto hawajaanza mechi. Ondoka, simama, geuka. Halafu ongeza la pili.

Utajifunza kwa mwili kwamba gurudumu la ndani la tela linakata kona fupi kuliko lako, kwa hiyo unatanua kwanza ndipo unakunja. Utajifunza pia kwamba breki zinachelewa. Za fimbo kama za Phoenix, mvua ikinyesha, ni za kuomba Mungu. Weka mipira mipya, na kwenye mteremko mrefu shuka uikokote.

Ukiwa bado uwanjani, simamisha baiskeli, fungua kiungo, na unyanyue mkono wa tela lililojaa kwa mkono mmoja. Uzito utakaousikia uwe kilo 3 hadi 5, kama dumu la mafuta la lita 5 lililopungua. Ukiona mkono unataka kupanda wenyewe, mzigo uko nyuma mno ya ekseli: utanyanyua tairi la nyuma, breki itakosa nguvu, na tela litaanza kuyumba kama mkia. Ukiwa mzito wa kukukunja mgongo, mzigo uko mbele mno na utachosha hosi na ekseli. Sogeza dumu mpaka upate. Kisha piga mstari wa rangi sakafuni mahali lilipokaa. Huo mstari ndio nyumba ya unga wako kuanzia leo.

Hatua ya sita: sokoni

Mzigo mzuri unapangwa kwa mpangilio wa kununua. Nikifika soko la Chifu Kingalu naanza na nafaka na sukari, nafuata mafuta, halafu viazi, vitunguu na nazi. Nyanya, matunda na mboga za majani ni za mwisho, hata kama umezipita mlangoni zikiwa zimependeza kuliko kawaida. Mwenye kununua mchicha kwanza ataishia kuupangua na kuupanga upya mara nne.

Tela liache kwa mtu unayenunua kwake. Mimi naegesha pembeni ya meza ya mama mmoja wa maharage, nanunua kwake kila wiki, na hajawahi kuniuliza hela ya ulinzi. Mnyororo upitishe kwenye gurudumu la tela na fremu ya baiskeli kwa pamoja. Ukifunga baiskeli peke yake umewaachia tela wenye spana.

Nenda mapema. Mboga zilizotoka mlimani alfajiri, zikifunikwa gunia la katani lililoloweshwa, zinafika nyumbani Kihonda zimesimama. Saa saba mchana hata gunia halisaidii.

Hatua ya saba: kupanga

Unga na mchele vilale kwenye ule mstari wa rangi, vikiwa vimelazwa, havikusimamishwa. Mafuta yasimame kwenye kona ya boksi, yamebanwa na viroba, na kifuniko chake ukikaze mwenyewe hata kama muuzaji ameapa amekaza. Viazi na nazi vijaze mapengo. Usiache pengo, maana kitu chenye nafasi ya kucheza kitacheza njia nzima. Nguo kuukuu ni bora kuliko kamba kwa kazi hii.

Nyanya ziwe kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko, zijae mpaka juu. Ndoo isiyojaa ni ngoma. Dagaa na samaki wabichi wapate ndoo yao, na sabuni na mafuta ya taa visilale jirani na unga; hivyo navitia mfuko wa pembeni peke yake. Mkungu wa ndizi ulale juu ya begi, mkia ukielekea nyuma, ufungwe na ukanda wa tyubu. Mtungi wa gesi usimame wima daima, katikati, na siku hiyo punguza viazi.

Mayai. Nimejaribu pumba za mpunga, nimejaribu kuyaweka katikati ya mchele, nimejaribu kumpa mtoto ayashike. Njia iliyoshinda: trei moja ya mayai 30, trei tupu juu yake, trei tupu nyingine chini, zote zikabanwa kwa kanda mbili za tyubu zinazokatizana, zikawekwa juu ya kanga iliyokunjwa mara nne ndani ya kikapu cha mbele. Usiyaweke kwenye tela. Tela halina mtu juu wa kulituliza, kila tuta linalirusha. Mkungu huvumilia hayo, yai halivumilii.

Mwisho funga zipu, tandaza turubai, pitisha kanda mbili za tyubu mshazari. Tingisha begi kwa mikono miwili. Likitikisika peke yake bila tela, bado hujamaliza.

Njiani

Kaa kushoto lakini usijibane ukingoni kabisa. Ukingo wa lami ukiporomoka, gurudumu la tela ndilo litakaloanguka kwanza, na litakuvuta. Matuta yapande ukiwa umenyooka ili magurudumu yote mawili yapande pamoja; ukiyakata mshazari, tela litapanda mguu mmoja na kumwaga. Kwenye kipilefti ninashuka. Najua kuna wanaozunguka wamepanda na mizigo yao, Mungu awalinde.

Nyuma ya tela pigilia kiakisi chekundu, na kitambaa cha rangi kali kwenye kijiti chenye urefu wa mita moja hivi. Dereva wa kirikuu anakuona wewe, haoni kilicho chini nyuma yako.

Beba pampu, viraka, solusheni, na spana ya nati za magurudumu yako. Na tyubu ya inchi 20, kwa sababu muuza vipuri wa njiani anazo za 26 na 28 tu siku ile unayoihitaji.

Nyumbani

Toa kwanza vilivyo juu, chomoa begi, kisha ndipo ufungue kiungo. Ukifungua kiungo kwanza tela litainama mbele na ndizi zitakufuata. Fua begi siku ya dagaa. Hosi ikague kila wiki kwa kuikunja na kuangalia nyufa karibu na bolti. Yangu naibadilisha kila ikionyesha waya, na kipande kipya ni cha hela ndogo. Gololi zitiwe grisi kabla ya masika na baada yake.

Nje usiku tela lisimamishe wima ukutani na kulifunga mnyororo. La sivyo asubuhi utalikuta uwanjani na watoto wanne ndani, wa tano akilisukuma, na ukanda wako wa akiba umekuwa hatamu.